Yaya, Nilibaonyesha Mukaba Yako

Yaya Ngoy,

Minyi huyu, Monga, mudogo yako. Juzi nilikuya ku kaburi yako juu ya kukuambia haya maneno kwa mudomo, lakini kulikuwa bamama benye kulima mihogo pale pembeni, bakaanza kuniangaria, na mudomo ikafungika. Unanijua. Njo maana naandika. Ku masomo nilifika paka mwaka ya tatu. Kama neno fulani iko mubaya, usicheke, weye pia uliandikaka jina yako na herufi moja ya kugeuka.

Nitasema ile neno mukubwa mbele, juu nikizunguka nitaogopa. Yaya, nilibaonyesha bandugu mukaba yako. Siku ya kumaliza kilio, mbele ya Baba Mukubwa Mutombo, mbele ya Shangazi Numbi, mbele ya bote. Niliigeuza, nikabaonyesha kile kitambaa ulishona nyuma ya chuma ya kufungia. Sasa banajua kama ulijua.

Kasirika kama unataka. Minyi nilikutangulia kukasirika.

Ukumbuke mwanzo. Miaka mine ulisude, uliunganisha na moto, chuma nyeusi ya mawagoni, na mikono yako ilikuwa muzima, hakuna hata kadonda. Kiisha matanki ikaanza kufika mu atelie yetu ya reli, huku Kamina, ile ya chuma nyeupe yenye haishike kutu, na bagete yake ya kusudia, ile fimbo nyembamba ya kuyeyusha, ilikuya toka mbali, mupya, mu sanduku yake. Muzungu wa atelie akasema hii kazi iko ya Ngoy. Paka Ngoy, mwingine hapana. Ile siku ulirudia mu kampi unaimba toka barabara, ukamwambia Mwadi achinje kuku. Akakuuliza, "Kuku gani, Baba Banza, hii yenye inataga?" Ukasema, "Hata yenye inataga. Leo uliolewa na muntu mukubwa." Tulicheka. Minyi nilikula mukia.

Miezi mbili haikupita, ukaanza kujikuna.

Niliona yote, Yaya. Minyi sina mudomo lakini niko na macho. Ilianza katikati ya bidole, tuvimbe tudogo twenye mayi, sawa muntu aliungua na mvuke. Ikapanda. Ikakamata pa mukono, pale saa ilikuwa inakaa, duara moja nyekundu sawa saa yenyewe. Kiisha ikakuya ku tumbo, chini ya kitovu. Ulifikiri hakuna muntu anajua ile ya tumbo, lakini tulikuwa tunaoga pamoja ku robine ya atelie, na bantu bakaanza kukuchekelea. Kabamba alikuwa anakuambia, "Bwana Ngoy, ukijikuna vile utawasha moto bila masini!" Weye ulikuwa unacheka nabo. Ku nyumba haukucheka.

Ukaenda ku dispansere. Enfirmie, ule wa kuangaria bagonjwa, hakugusa hata mukono yako, aliangaria mbali akasema upele. Upele! Mwadi akachemusha mablangeti yote. Akanyoa Banza kichwa. Akapaka nyumba muzima mafuta ya kiberiti, weye, yeye na mutoto, mukanuka mpaka kwa jirani, na mafuta ilikuwa inakuunguza kupita ugonjwa. Ku robine ya kampi bamama bakaacha kuweka ndoo yabo karibu na ya Mwadi. Nilimuona asubui moja anangoja bote bamalize, anasimama peke yake na ndoo ku kichwa, na ndoo haina kitu. Na yeye mwenyewe ngozi yake ilikuwa safi. Banza safi. Upele gani inalala mu kitanda ya bantu tatu, inauma mumoja? Hii niliuliza mu roho. Mu roho paka.

Kiisha ikakuya konje, ile mwezi moja ya kupumuzika. Ulienda Kabongo kwa Shangazi, Mwadi akabakia kulinda nyumba na bakuku na mihogo yake. Ulirudia na mikono ya mutoto muchanga. Tulifurahi. Siku ya tatu ya kazi, ukaanza tena kujikuna. Mwaka ingine, ni vile vile: unaenda, unapona, unarudia, unaoza. Na Shangazi Numbi alikuwa anahesabu. Haya mahesabu yake, Yaya, hakuna muntu aliweza kuipinga, juu ilikuwa ya kweli. Kule bibi haiko, unapona. Huku bibi iko, unagonjwa. Akakuambia uinue shimizi, akaona ile alama chini ya kitovu, akapiga mikono: "Njo hapa! Hapa njo mwanamuke anafungaka mwanaume!" Akaenda kwa kilumbu, muntu wa kuona mambo ya siri, na akarudia na jibu ile ile alikuwa nayo mbele ya kuenda.

Hakuna mwenye aliuliza kama kule Kabongo bagete pia haiko.

Minyi niliuliza. Haukusahau, sivyo? Ile mwaka masini ya moto ya kusudia iliharibika mu atelie, na kwa mayuma mbili sudure haikuwa. Bakakutuma kupaka rangi. Ulikuwa unalala na Mwadi kila siku, unakula bukari, ugali ya Mwadi, kila siku, na mikono ikapona. Mayuma mbili, ikapona. Nikakukuta nyuma ya nyumba unatengeneza kinga yako, ile baiskeli, magurudumu juu, mikono mu minyororo. Nilikaa pale sawa saa muzima juu ya kutafuta maneno. Kiisha nikasema, "Yaya, nafikiri iko bagete." Basi. Maneno ine. Ukaniangaria, ukaniangaria. Ukasema, "Monga, weye unajua sudure kupita muzungu?" Nikasema hapana. Ukasema, "Kama iko bagete, nitafanya kazi gani? Nibebe mawe ya reli?" Nikaangaria minyororo. Ukasema, "Leta ile ufunguo." Nikaleta ufunguo.

Naichukia ile ufunguo mpaka leo.

Masini ikatengenezwa, mikono ikaoza tena, na bandugu bakakuya toka Kabongo. Walikaa mu nyumba yako. Shangazi alisema. Baba Mukubwa alisema. Baba yake na Mwadi haikuwa, alikuwa Bukama, walituma paka kaka yake moja mwenye hakujua kujibu. Minyi nilikuwa ku mulango, na ile neno ya masini nilikuwa nayo mu kinywa sawa vile jiwe. Nilikuwa nafikiri, mudogo hasemake mbele ya bakubwa kama hawajamuuliza. Nikangoja waniulize. Nani ataniuliza minyi? Mwadi alisimama, hakulia, akauliza paka swali moja, na hakuiuliza Shangazi. Aliuliza weye. "Baba Banza, na weye pia unasema vile?"

Ukaangaria chini. Ukajikuna.

Njo jibu yenye ulimupatia.

Bakamufukuza, na jioni ile ile minyi njo nilimubebea kitunga mpaka ku stasio. Alivaa kile kikwembe, kitenge ya ndege ya rangi ya mayi, ile alipenda, Banza ku mugongo. Wakati alipanda mu wagoni nikaona pembe moja ya kikwembe imekatika, kapande sawa kiganja. Nikasema mu roho, Mwadi mwenye kushona vizuri hivi, namna gani anasafiri na kikwembe ya kukatika? Nikasahau. Hapana, sikusahau. Minyi hakuna kitu nasahauka, njo ugonjwa yangu.

Na kisha yeye kuenda? Ulipona? Haukupona! Ilizidi. Muzungu akakupatia ganti mupya ya ngozi, ya kuvaa ku mikono, na kwa hizo ganti ikazidi tena, mikono ikapasuka. Nikafikiri, sasa bataona. Sasa bibi haiko, ugonjwa iko, sasa Shangazi atasema nilikosea. Yaya, unajua alisema nini. "Anafanyia kule mbali. Alikasirika juu tulimufukuza." Namna gani muntu atashinda maneno ya vile? Akiwa karibu, ni yeye. Akiwa mbali, ni yeye zaidi.

Kiisha ikashuka mu kifua. Bakakutia ndani ya tanki, usude toka ndani, na moshi haina pa kutokea paka kale kamulango ka juu. Ulikuwa unatoka pale, unashika chuma, unavuta pumuzi sawa muntu mwenye kupanda mulima. Siku ya mungu, kidogo afazali. Siku ya kazi ya kwanza, mubaya. Enfirmie akakupatia sirop. Mvua ilikuwa mingi. Walikupeleka ku lopitalo asubui, na wakati nilifika na uji, kitanda ilikuwa imetandikwa. Mama wa kufagia njo aliniambia. Nikabakia na ile uji mu mikono, sijue nimupatie nani.

Sikulia ile siku. Nalia sasa kidogo, usiangarie karatasi.

Sasa sikiliza yenye haujue.

Wakati ya kugawa bintu yako, minyi balinipatia maske yako ya kusudia na mukaba. Na nafasi yako mu atelie, juu nilishaanza kusude chini yako. Bote bakafurahi: Monga anakaa pa nafasi ya kaka yake. Minyi pia nilifurahi, siweze kudanganya. Nilikuwa muntu sasa. Hata kapita, mukubwa wa kazi, alinisalimia kwa jina.

Ile mukaba nilitaka kuifungua tundu ingine, juu weye ulikuwa na tumbo kupita minyi. Nikaigeuza. Nyuma ya ile chuma nyeupe ya kufungia kulikuwa kitambaa. Imeshonwa pale na uzi nyeusi ya atelie, ile ya kushonea maturubai, mishono mikubwa ya kupinda, mubaya mubaya. Haikuwa mukono ya Mwadi. Ilikuwa mukono yako. Na kitambaa ilikuwa na kichwa ya ndege, rangi ya mayi.

Nilikaa chini, Yaya.

Yeye aliondoka na kikwembe yake. Pembe ilishakatika mbele ya yeye kupanda mu wagoni, nilikuwa pale, niliiona. Basi uliikata mbele. Mbele ya bandugu kukuya. Mbele ya yeye kukuuliza na weye kuangaria chini. Ulishajua kama ni chuma njo inakuuma. Ulitia kitambaa katikati ya chuma na tumbo, na hauwezi kufanya vile kama unaamini ni muke anakufunga. Muntu hashonake kitambaa juu ya kuzuia mulozi.

Nilijaribu kukutetea. Nilisema, labda alijua ya tumbo paka, ya mikono hakujua. Nilisema, labda aliogopa Shangazi. Bote tunaogopa Shangazi. Nilisema, labda alitaka Mwadi aende kidogo, kiisha atamurudisha. Kila mara natafuta neno ya kukuosha, nasikia sauti yako nyuma ya nyumba: nitafanya kazi gani? Nibebe mawe ya reli? Njo ile. Ulichagula maske. Uliona kama muntu mumoja lazima apoteze kitu, ukaacha Mwadi apoteze.

Kiisha mikono yangu ikaanza.

Sawa yako. Katikati ya bidole, kiisha pa mukono, kiisha chini ya kitovu, juu kile kitambaa nilishakitosha ku mukaba nikakificha mu sanduku, sikuwa na akili ya kukiacha pale. Na minyi sina bibi, Yaya. Nalala peke yangu na kitanda ya chuma na panya. Nikacheka peke yangu mu nyumba, sawa mupumbafu. Nikasema, sasa niambieni nani anaroga Monga.

Siku ya kumaliza kilio ikafika, siku ya mungu, kisha misa. Bandugu bote bakajaa kwa Baba Mukubwa. Bamama balipika sombe, pombe ikakuya. Nilijua neno gani bataleta, juu balikuwa banaisema toka mazishi: kutuma bantu Bukama, kumuita Mwadi mulozi mbele ya bantu yake, na kutosha Banza, kumuondoa mu mikono yake. Mutoto yako. Bamupeleke Kabongo, akomee kwa Shangazi, asikie kila siku kama mama yake aliua baba yake.

Mbele ya kuenda nilirudisha kitambaa ku mukaba. Nilipitisha uzi mu matundu yako yenyewe. Kiisha nikaivaa. Nilisema mu roho, sitaionyesha. Nitaonyesha mikono paka. Mikono itatosha.

Shangazi akasema yake yote. Baba Mukubwa akauliza kama kuna muntu iko na neno. Yaya, niliinuka. Benchi ikalia. Shangazi akasema, "Eh! Hii mutoto ya kimya leo iko na sauti? Pombe gani mulimupatia?" Bakacheka. Bamama toka jikoni bakakuya kuangaria. Nikasema kwa heshima, "Eyo vidye, Baba Mukubwa, minyi niko na mikono." Bakacheka tena. Nikainyoosha mbele. Bakaacha kucheka.

Nikasema, "Ilianza wakati nilianza kusude chuma nyeupe. Minyi sina bibi." Nilitaka kusema mingi, ya masini kuharibika, ya konje, nilishaipanga yote mu kichwa, lakini ile njo ilitoka. Nikainua shimizi. Mbele ya bashangazi, mbele ya bamama, minyi mwenye kuogea gizani. Nikabaonyesha alama chini ya kitovu.

Na Shangazi Numbi, unajua alisema nini? Alisimama, akanionyesha kidole, na machozi ilikuwa mu macho yake, machozi ya kweli, anaogopa juu yangu. "Munaona! Alimaliza kaka, sasa amekamata mudogo! Batoto yangu bote atabamaliza!" Na bote bakaitika, yooo, yooo. Kaka yangu, nilikuwa nashika shimizi yangu juu, tumbo inje, sawa muntu wa kuchekesha, na kila kitu nilileta juu ya kumutosha Mwadi mu moto, ilimuingiza zaidi. Baba Mukubwa akasema, "Basi. Bantu ya kuenda Bukama ni nani?"

Njo pale nilitosha mukaba.

Sikufikiri. Nisamehe ama usinisamehe. Nilifungua, suruali ikataka kuanguka, nikaishika na mukono moja, na mukono ingine nikamupatia Baba Mukubwa mukaba. Nikasema, "Hii ilikuwa ya Yaya. Angaria nyuma." Baba Mukubwa aliendesha masini ya moshi, treni, maisha yake yote, anajua kuangaria kitu. Aliigeuza. Akapitisha kidole gumba pa mishono yako. Akauliza, "Nani alishona?" Nikasema, "Ngoy." Akauliza, "Kitambaa ya nani?" Nikasema, "Ya Mwadi. Aliikata Mwadi akiwa angali mu nyumba." Kiisha akaniuliza polepole, sawa muntu hataki jibu, "Basi Ngoy alijua?"

Nikasema, "Alijua."

Shangazi akakamata mukaba toka mu mikono ya Baba Mukubwa, akaiweka karibu na macho, akaangaria, akaangaria. Akasema paka, "Ngoy hakujuaka kushona." Kiisha akakaa chini, akajifunika uso na kikwembe. Alikulilia mara ya pili, Yaya, na ile kilio ya pili ilikuwa mubaya kupita ya kwanza. Minyi njo nilimupatia. Nilikuwa nasimama pale na suruali mu mukono.

Baba Mukubwa alisema Mwadi hana neno. Banza atabakia na mama yake. Alisema pia hii ya mukaba isitoke mu lupango, mu kiwanja ya bandugu, juu ya jina yako. Na kwa jina yako banitume minyi, peke yangu, Bukama, kumuambia.

Nilikamata treni. Nilimukuta kwa mama yake, karibu na mayi, anapara samaki, magamba mu nywele. Banza sasa iko na meno yote na anakimbiza bata. Anatembea sawa weye, mabega mbele. Nilimuambia Mwadi vile balinituma: kama bandugu banasema hauna neno, kama ukitaka urudie, batakufanyia ile ya kusafisha bibi ya marehemu. Hakuacha kupara. Akaniuliza, "Kusafisha nini, mulamu?" Akageuza samaki upande ingine.

Baba Mukubwa alisema isitoke mu lupango. Lakini nilifikiri, lupango gani, kama siyo yake? Nikatosha mukaba mu kitunga, nikamupatia.

Alipangusa mikono. Akaiangaria. Akasema, "Hii iko kikwembe yangu." Kiisha akaanza kucheka, Yaya. Alicheka mpaka mama yake akatoka mu nyumba. Akasema, "Nilimuuliza! Nilimuuliza panya gani inakula pembe moja paka, na inakula ya kunyooka, sawa makasi! Akaniambia panya ya Kamina iko na akili!" Nikacheka na minyi, ilinishinda. Kiisha akaacha. Akapitisha kidole pale Baba Mukubwa alipitisha, pale Shangazi aliangaria. Akasema, na alisema sawa vile ulikuwa pale pembeni yake na njaa, "Angeniambia. Ningemushonea."

Akakamata kisu ya samaki, akakata uzi, akatosha kitambaa, akaiosha mu ndoo na kuitia mu kifua ya kikwembe yake. Mukaba akanirudishia. Hatarudia Kamina, ile alisema bila kuisema. Akanipatia samaki mbili za kukauka, kubwa, nipelekee Shangazi. Shangazi! Sijue ile moyo ilitoka wapi. Nilimupelekea. Shangazi alizikamata na mikono mbili.

Sasa minyi. Nilimuambia kapita sitasude tena. Alinicheka mbele ya bote: "Ngoy alikufa na maske ku kichwa, weye unakimbia?" Nilienda pia ku dispansere juu baandike neno ya bagete mahali fulani. Enfirmie, ule ule, akaangaria toka mbali, akasema upele, akanipatia mafuta ya kiberiti. Niliimwanga inje. Nani atanisikiliza? Minyi sina karatasi, sina jina, niko na mikono paka. Basi kapita akanitia ku reli. Nabeba mawe, Yaya. Ile ile uliogopa. Mugongo inaniuma sawa muzee, na yuma ya tatu hii mikono inakauka, ngozi mupya inakuya. Hakuna mwenye ananisalimia kwa jina. Mawe haiue muntu. Ungejaribu. Ungejaribu yuma moja tu.

Na nafasi yetu unajua nani anaikamata? Kabamba. Ule wa kukuchekelea. Alioa kisha mavuno, bibi yake anaitwa Kyabu, mudogo, wa kusema polepole. Siku ya poso, ya kupokea unga, nilimukuta Kabamba ku robine, anasugua katikati ya bidole na jiwe. Aliniona namuangaria, akaficha mikono. Na leo kisha misa niliona mama ya Kabamba, kwabo. Kyabu alikuwa anakoroga bukari, na ule mama alikaa pale, hakuangaria sufuria. Alikuwa anaangaria mikono ya Kyabu, namna Shangazi aliangariaka mikono ya Mwadi.

Nakuahidi hii, Yaya, juu hakuna mwingine wa kuahidi. Kesho tukitoka kazi sitamuita Kabamba nyuma ya nyumba, na sitasema maneno ine. Nitaingia mule ndani, mama yake akiwa pale, na Kyabu akiwa pale asikie na masikio yake. Nitakaa ku kiti kama wananipatia kiti. Nitainyoosha mikono yangu yenye inapona na nitasema yote, ya bagete, ya masini kuharibika, ya konje, ya ganti, na jina yako nitaitaja. Kama banacheka, banicheke. Kama wanafukuza, nitarudia siku ingine.

Lala, Yaya. Niko bado na kasirani juu yako, na kila jioni nikifika mu nyumba nasahau, nataka kukuita uje uone mikono.

Minyi,
Monga